Kuzaliwa Mara ya Pili: Jopo Lajibu Barua Zenu

Toleo lililopita tuliandika, kwa sentensi moja tu, kwamba kuinua mkono kwenye mkutano wa injili na kuzaliwa mara ya pili si lazima yawe jambo moja. Sentensi hiyo imetuletea barua kutoka Githurai hadi Rongai. Kuna waliotukemea, na tumewasikia. Wengi wenu mmeuliza maswali ambayo "Amina" peke yake haiyajibu. Tumechagua manane, tukayafupisha na kuondoa majina.

Biblia yangu ya Union husema "kuzaliwa mara ya pili". Ya mke wangu, Habari Njema, husema "kuzaliwa upya". Sasa kijana mmoja wa chuo kikuu kanisani kwetu anasema tafsiri sahihi ni "kuzaliwa kutoka juu". Nani mkweli? – Mzee wa kanisa, Dagoretti

Wote watatu, mzee wetu, ila huyo kijana msimnyamazishe. Neno la Kigiriki katika Yohana 3:3 ni *anothen*, nalo hubeba maana zote mbili: "tena" na "kutoka juu". Nikodemo, aliyekuwa akizungumza na Yesu, alilishika kwa upande wa "tena", ndiyo maana akauliza habari za mtu mzima kurudi tumboni mwa mamaye. Yesu alikuwa anamvuta upande wa pili. Teremka hadi mstari wa 31 wa sura hiyohiyo: "Yeye ajaye kutoka juu." Neno ni lilelile. Pazia la hekalu lilipopasuka toka juu hata chini, Mathayo alitumia neno hilo. Kiswahili hakina neno moja la kubeba maana hizo mbili, kwa hiyo mtafsiri hulazimika kuchagua.

Hili si pambo la wasomi. Anayeshika "mara ya pili" peke yake huanza kuhesabu: nilizaliwa mara ya pili, nikaanguka, basi sasa ni ya tatu. "Kutoka juu" huuliza swali jingine: anayezaa ni nani? Kitenzi chetu chenyewe kinatusaidia hapa. Kuzaliwa ni kutendewa, na hakuna Mswahili asemaye "nimejizaa". Karibu kila kosa tulilolikuta kwenye barua zenu linatokana na kusahau hilo.

Kuhusu "maji na Roho" wa mstari wa 5, fungua Ezekieli 36:25-27. Mungu anaahidi kunyunyiza maji safi, kuondoa moyo wa jiwe, kutia moyo wa nyama na kuweka Roho yake ndani ya watu. Nikodemo alikuwa mwalimu wa Israeli na andiko hilo alilijua, ndipo Yesu akashangaa kwamba haelewi. Na mstari wa 8, "Upepo huvuma upendako", una mchezo wa maneno ambao kwetu umepotea: kwa Kigiriki "upepo" na "roho" ni neno moja, *pneuma*.

Wawili wenu mmeuliza kama hii ndiyo imani ya kufa na kurudi duniani katika mwili mwingine. Hapana. Waebrania 9:27 husema mtu hufa mara moja, na baada yake hukumu.

Nimeongozwa sala ya toba mara saba. Ya kwanza nikiwa kidato cha pili, nyingine Uhuru Park, mbili mbele ya televisheni, zilizobaki kanisani. Kila mara nalia, najisikia mwepesi, na baada ya wiki tatu hivi niko palepale. Kuna maneno ninayoyaruka? – Makanga, Kayole

Huruki neno lolote, ndugu, maana hakuna maneno yaliyowekwa. Siku ya Pentekoste Petro aliwaambia watu watubu wakabatizwe. Mlinzi wa gereza la Filipi aliambiwa amwamini Bwana Yesu, akabatizwa saa ileile ya usiku. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisema sentensi moja akijipiga kifua. Hakuna mahali katika Agano Jipya ambapo mtu anarudia sala mstari kwa mstari nyuma ya mhubiri.

Desturi hiyo ina asili yake. Katika miaka ya 1830 huko Marekani, Charles Finney aliwaita waliochomwa moyo waje kuketi kwenye benchi la mbele waombewe. Mikutano ya uamsho iliyofuata ikaendeleza mwito huo, na katika karne ya 20 ukafupishwa kuwa sala ya kuchapishwa nyuma ya kijikaratasi. Chombo chenyewe si kibaya. Warumi 10:9 hutaja kukiri kwa kinywa, na wapo wengi ambao sala ya namna hiyo ilikuwa mlango wa kweli kwao. Kinaharibika kinapofanywa neno la siri, kwamba ukilitamka sawasawa kufuli litafunguka.

Tofautisha mambo mawili. Kugeuka ni kwako: kutubu na kuamini. Kuzaliwa ni kwa Mungu. Kipi hutangulia? Wanateolojia wamebishana kwa karne nne. Walio katika mkondo wa Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, ambao PCEA (Wapresbiteri) ni wajukuu wao, husema Mungu huzaa kwanza ndipo mtu aweze kuamini. Wamethodisti na Wapentekoste wengi husema mtu huamini, naye Mungu humzaa. Si lazima uamue kesi hiyo kabla ya kupakia abiria wa asubuhi. Wote wawili wanakubaliana kwamba maneno hayazai mtu.

Wiki ya tatu inakushinda kwa sababu za kawaida kabisa. Machozi yale ni ya jioni ile, kinanda kikipigwa polepole, na hisia huisha kama zilivyokuja. Namba yako iliandikwa kwenye kadi na hakuna aliyekupigia. Jumapili uko kazini. Halafu dhambi uliyotubu ilikuwa "dhambi zangu zote" kwa jumla, si ile chenji ya abiria unayoijua wewe.

Basi usiirudie sala hiyo mara ya nane. Chukua Injili ya Marko, sura 16, usikilize moja kila siku kwenye simu gari likijaza watu steji. Kama Jumapili haipatikani, mjini kuna ibada za saa saba mchana siku za kazi, na makanisa mengi yana vikundi vya nyumbani jioni ya katikati ya wiki. Mtafute mtu mmoja aliyekomaa katika imani anayeijua kazi ya matatu, umwambie dhambi kwa majina yake. Ukimaliza Marko, jiandikishe darasa la ubatizo kama hujabatizwa, kisha usome Waraka wa Kwanza wa Yohana. Una sura 5 tu. Unachotafuta humo tumekieleza kwenye jibu linalofuata.

Kwenye ushirika wetu kila anayetoa ushuhuda hutaja siku na mwaka aliookoka. Mimi nimelelewa kanisani, nampenda Bwana, lakini tarehe sina. Dada mmoja ameniambia asiye na tarehe hajazaliwa. – Mwalimu wa shule ya Jumapili, Buruburu

Tarehe ni desturi yenye historia nzuri, lakini si sharti. Mizizi yake Afrika Mashariki ni uamsho uliowaunganisha daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, mwaka 1929, ukawaka Gahini, Rwanda, na kufika Kabete mwaka 1937. Neno "mlokole", yaani aliyeokoka, tumelipata huko, kutoka Kiganda. Wahubiri wa uamsho ule waliwakuta watu waliobatizwa na kupewa majina ya Kizungu huku maisha yakibaki yaleyale. Swali la "uliokoka lini?" lilikuwa namna ya kuwaamsha. Swali lililomfaa mtu aliyelala linaweza kumwonea mtu aliyeamka zamani.

Paulo alikuwa na tarehe. Timotheo, mwanafunzi wake, hatujui kama alikuwa nayo: tunaambiwa imani ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, naye aliyajua maandiko tangu utoto. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliiandika mpaka saa: 24 Mei 1738, saa tatu kasorobo usiku, London, alipojisikia moyo wake umetiwa joto. Wakati huo alikuwa kasisi kwa karibu miaka kumi na tayari alikuwa amekwenda Georgia kama mmisionari. Wanahistoria wa kanisa lake mpaka leo hawakubaliani kama usiku ule alizaliwa au alipata tu hakika ya wokovu.

Vitambulisho vya wazee wetu wengi vina mwaka tu, tena wa kukisia, kwa kuwa siku ile hakuna aliyeandika. Hatujasikia afisa yeyote akisema kwa hiyo mzee hayupo. Waraka wa Kwanza wa Yohana hutumia maneno "amezaliwa na Mungu" tena na tena, na hakuna mahali unapouliza lini. Huuliza mambo matatu: je, anaamini kwamba Yesu ndiye Kristo (5:1)? Anatenda haki (2:29)? Anawapenda ndugu (3:14, 4:7)? Swali la tatu usijijibu mwenyewe. Mwulize unayelala naye nyumba moja.

Na ukifika 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, usizimie. Kitenzi cha Kigiriki pale huelekea mwendo wa maisha, wala si tukio la Jumanne moja. Waraka uleule, 1:8, unasema tukidai hatuna dhambi twajidanganya.

Nilibatizwa Katoliki nikiwa na miezi mitatu. Miaka miwili sasa naabudu kanisa la Kipentekoste Kasarani. Mchungaji anasema bila ubatizo wa maji mengi siwezi kuongoza kwaya. Mama yangu analia, anasema nataka kufuta jina alilonipa bibi. Je, mimi sikuzaliwa mara ya pili siku ile? – Mwimbaji, Mwiki

Hapa makanisa hayakubaliani, dada, na anayekuambia jambo ni jepesi hajalisoma. Tueleze kila upande kama wenyewe wanavyojieleza.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1213, huuita ubatizo sakramenti ya kuzaliwa upya. Msingi wake ni Yohana 3:5 na Tito 3:5, "kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili". Kwa mama yako, mtoto wa miezi mitatu hafanyi chochote, na hiyo ndiyo raha ya fundisho lenyewe: Mungu ametenda kabla mtu hajaweza kujisifu. Imani ya kanisa humbeba mpaka aikiri mwenyewe, ndiyo kazi ya komunyo ya kwanza na kipaimara. Wanaodhani Wakatoliki hufundisha kwamba maji yanatosha hata mtu asipoamini kamwe, wanawasingizia. Waanglikana hubatiza watoto pia, lakini wamegombana wenyewe kwa wenyewe juu ya kinachotokea pale. Kesi ya kasisi Gorham huko Uingereza, iliyohukumiwa mwaka 1850, ilikuwa juu ya swali hilohilo. PCEA nao hubatiza wachanga, ila Ukiri wa Westminster, tamko la imani la Wapresbiteri, sura ya 28, husema nguvu ya ubatizo haikufungwa kwenye dakika ya maji. Mtu anaweza kubatizwa leo na Mungu akamzaa baada ya miaka ishirini.

Upande wa mchungaji wako, pamoja na Wabaptisti, AIC (Africa Inland Church) na Waadventista, husema ubatizo ni wa anayeamini. Kwao hawarudii kitu. Wanasema cha kwanza hakikuwa ubatizo. Andiko wanalolipenda ni Matendo 19, watu wapatao kumi na wawili wa Efeso waliobatizwa upya, ingawa wale walikuwa na ubatizo wa Yohana Mbatizaji na si wa Baba, Mwana na Roho. Msimamo huu ulilipiwa damu. Ubatizo wa watu wazima uliorudiwa Zurich mwezi Januari 1525 ulipigwa marufuku, na tarehe 5 Januari 1527 Felix Manz alizamishwa katika mto Limmat hadi akafa.

Na kabla hamjafungiana milango, kumbukeni Marafiki (Quakers), waliofika Kaimosi mwaka 1902, na Jeshi la Wokovu. Hawa kwa desturi hawabatizi kwa maji kabisa, na sidhani kuna mchungaji Kasarani atakayesimama kusema wote hao hawajazaliwa.

Sasa, ufanyeje? Rai yetu: usibatizwe kwa ajili ya kwaya. Cheo si sababu ya sakramenti, kwa kanisa lolote. Mwombe mchungaji mazungumzo ya faragha, umwulize: je, kanisa linaamini sikuokoka mpaka leo, au ni kanuni ya uanachama? Naweza kuimba bila kuongoza nikiendelea kujifunza? Je, mna ibada ya kuthibitisha imani kwa waliobatizwa utotoni? Makanisa mengine wanayo. Kisha zungumza na mama kabla ya siku yenyewe, si baada ya kuona picha kwenye simu ya jirani. Mwambie jina la bibi halifutwi na maji. Ila ujue vilevile kwamba, kwa Kanisa Katoliki, ubatizo wako wa kwanza hauwezi kufutwa wala kurudiwa. Huo wa pili hawatauhesabu kitu, na ukirudi siku moja hawatakubatiza tena.

Mume wangu amekunywa chang'aa kila siku kwa miaka 11. Jumapili ameokoka, amemwaga kila kitu. Leo Jumanne anatetemeka, anatokwa jasho, anasema kuna wadudu ukutani. Mchungaji asema ni pepo wanatoka, asile wala asinywe, tufunge siku tatu. – Mama Wawili, Mukuru

Mama huyu tulimpigia simu siku tuliyoipata barua. Tunaichapisha kwa ajili ya wengine.

Mtu aliyekunywa sana kila siku akaacha ghafla yuko hatarini, aokoke asiokoke. Mikono huanza kutetemeka saa 6 hadi 12 tangu tone la mwisho. Degedege huweza kuja kati ya saa 6 na 48. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne huweza kufuata kuchanganyikiwa, homa na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Sababu ni ubongo uliozoea kulemewa na pombe, na mzigo umeondolewa kwa mara moja. Mpeleke idara ya dharura ya hospitali leo, siyo kesho. Huko hupewa dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku, maji na vitamini B1. Kumnyima chakula na maji ni kumzidishia hatari. Baada ya hapo NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, kwa ushauri wa matibabu ya uraibu.

Toba ya mumeo si ya bandia kwa sababu anatetemeka. Moyo mpya umekaa ndani ya mwili ulio na ini lilelile. Timotheo alikuwa kiongozi wa kanisa na bado Paulo alimwandikia habari za tumbo lake na magonjwa ya mara kwa mara. Trofimo, mwenzake Paulo wa safari, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Hao walizaliwa kwa Roho na waliugua. Kwa hiyo pia: aliyeokoka asiache ARV, insulini wala dawa za kifafa kwa amri ya madhabahuni. Mchungaji anayezuia hospitali, chakula au maji, mwacheni. Nchi hii iliona Shakahola mwaka 2023, wafuasi walipoambiwa wafunge hadi kufa, na miili iliyofukuliwa ilizidi 400.

Nilikuwa karani wa stoo katika eneo la viwanda. Kati ya 2016 na 2017 niliuza kisiri bidhaa za kampuni za kama shilingi 60,000. Mlinzi mmoja akafutwa kazi kwa kosa hilo. Nimeokoka mwaka jana. Kila nikipiga magoti namwona yule mlinzi. Nirudishe? Naogopa jela. – Aliyejificha, Embakasi

Wazee wa uamsho wangekujibu kwa neno moja: rudisha. Walijulikana kwa hilo. Watu waliwaona wakipeleka fedha na vifaa kwa waajiri wao wa zamani. Sisi tunakubaliana nao, ila tunataka ukarudishe kwa akili.

Kwanza mpangilio. Zakayo wa Luka 19 hakulipa ili Yesu aingie kwake. Yesu aliingia, ndipo Zakayo akasimama na kuahidi. Hulipii wokovu wako.

Kiasi. Zakayo aliahidi mara nne, nawe ungefika 240,000. Lakini yule alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tena tajiri. Kanuni ya anayekiri mwenyewe iko Walawi 6:5 na Hesabu 5:7: mali yenyewe na sehemu ya tano juu yake. Yaani 60,000 na 12,000, jumla 72,000. Kama mshahara haubebi, ni 6,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Kama mwenye mali amekufa, Hesabu 5:8 huelekeza kwa jamaa yake wa karibu. Kabla ya yote andika orodha: bidhaa gani, lini, bei gani. "Kama 60,000" haitoshi. Ukikaa na kalamu mara nyingi hesabu hupanda.

Sheria. Kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu karani au mtumishi aliyemwibia mwajiri, na adhabu hufika miaka 7. Usidhani miaka iliyopita imeosha kosa. Kwa hiyo wakili anakuja kabla ya barua ya kukiri. Wakili anaweza kumwendea mwajiri kwanza bila kutaja jina, akaona kama anakubali malipo na kumaliza. Waajiri wengi wangependa fedha kuliko kesi, lakini wengine hawapendi, na hilo lazima uwe tayari nalo. Toba iliyo tayari kwa kila kitu isipokuwa gharama haijakomaa.

Unaweza kushawishika kuweka fedha kwenye bahasha na kuiacha kwa mapokezi usiku. Mwajiri atapata chake, ni kweli. Lakini mlinzi atabaki mwizi kwenye faili, na hilo ndilo jambo unaloliona ukipiga magoti. Yeye alipoteza mshahara, pengine nyumba, na barua ya sifa njema. Mara wakili akishamaliza, barua yako itamke wazi kwamba yule mtu hakuhusika, nakala iende kwa kampuni na nyingine kwake mkononi. Kisha zungumzeni fidia yake. Hiyo si sehemu ya zile 72,000.

Nenda kwake peke yako au na mtu mmoja mtulivu. Usiende na kamera, wala mchungaji wa kuhubiri, wala usimwombe akusamehe papo hapo ili ukalale. Ana haki ya kukasirika kwa muda wake. Na hadithi hii usiipeleke kwenye ushuhuda wa Jumapili kabla hajasafishwa, maana jina lake liko ndani yake. Kosa la ushuhuda mwingi ni hilo: mtu anaungama dhambi yake huku akimvua nguo mwenzake.

Nina wake wawili na watoto saba. Nimeokoka. Wa pili nimfukuze ili nibatizwe? – Baba, Kawangware

Itategemea kanisa, nasi tunakuomba uulize kabla ya kumtoa mtu nyumbani. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth, mwaka 1988, azimio la 26, uliruhusu mwenye wake wengi aliyeamini abatizwe na kupata kipaimara pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, kwa masharti: aahidi kutooa tena maadamu mmoja wao yu hai, na kanisa la mahali pale likubali. Azimio lenyewe lilisema asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki itakayompata mwanamke. Kanisa Katoliki humtaka abaki na mmoja, lakini sheria yake, kanuni ya 1148, humdai awatunze wale wengine. Makanisa mengi ya Kipentekoste humpokea kwenye ibada na kumnyima uongozi, kwa msingi wa 1 Timotheo 3:2. Hakuna hata moja kati ya misimamo hii inayokuruhusu kumtoa mama wa watoto wako bila chakula wala karo ya shule.

Nabatizwa kwa kuzamishwa mwezi Julai, na maji nayaogopa tangu utoto. Wakinimwagia tu, nitakuwa nimepungukiwa? – Mwoga, Kahawa

Didake, mwongozo wa kanisa wa nyakati za mwanzo kabisa, katika sura ya 7 husema batiza katika maji yanayotiririka. Usipoyapata, maji mengine. Baridi yakishindikana, ya moto. Na kama huna ya kutosha, mwaga kichwani mara tatu. Kwa hiyo hofu yako si mpya. Mweleze mchungaji mapema, na umwambie pia kama una pumu, kifafa au mimba.

Ukikubali kuzamishwa, utasimama maji yakiwa kiunoni. Mkono mmoja ushike pua, wa pili ushike kifundo cha mkono huo. Anayebatiza huweka mkono wake mgongoni, akitamka jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kunja magoti kwanza, kisha lala nyuma kama unayeketi. Wanaokaza magoti ndio huteleza na kumeza maji. Zuia pumzi, hesabu moja, mbili, na umeshainuliwa. Omba wawe wawili wa kukushika. Kipaza sauti cha waya kisiingie kwenye maji wala mikononi mwa aliyelowa. Umeme umewahi kuua watu namna hiyo.

Vaa nguo nyeusi au rangi iliyokoza, na kaptura ndani. Kanzu nyeupe pekee ikilowa huonyesha kila kitu. Kina dada, shonesheni vyuma vidogo kwenye pindo la gauni lisielee. Beba taulo mbili, nguo kavu yote hadi soksi, na sweta nzito, maana Julai ya Kahawa saa mbili asubuhi haina huruma. Chai ya tangawizi mwachie dada yako aje nayo kwenye thamosi.